Kuku amemeza kitu kibaya: ufanye nini, na usifanye nini

Maswali ni yale yale. "Kuku wangu kameza msumari, nimpe mafuta ya kula?" "Kuku wamedonoa sumu ya panya, maziwa yanasaidia?" "Gole limejaa na ni gumu, nimning'inize kichwa chini atapike?" Majibu mafupi ni hapana, hapana, na usithubutu. Majibu marefu ndiyo haya.

Kuku ni mdonoaji. Akiona kitu kinang'aa au kinatikisika, anakimeza kwanza. Mama yeyote aliyewahi kusafisha firigisi anajua: utakuta humo shanga, kipande cha kioo kilichosagika kikawa laini, pengine hata kifungo cha shati, na kuku mwenyewe alikuwa mzima na mnene. Kwa hiyo kumeza peke yake si msiba. Kinachoamua ni kitu gani kimemezwa na lini. Nionavyo mimi, mikono yenye haraka inaua kuku wengi kuliko misumari.

Mambo matatu ya kujua, basi

Chakula kikishuka kooni kinakaa kwanza kwenye gole, kile kifuko kilicho kifuani, kuelekea upande wa kulia. Kutoka hapo kinapita kwenye tumbo dogo lenye tindikali, kisha kinaingia kwenye firigisi, ambayo inasaga kwa nguvu kwa kutumia kokoto. Nguvu hiyohiyo inayosaga mahindi ndiyo inayoweza kuusukuma msumari ukatoboa ukuta wa firigisi.

Jambo la pili: kuku hana uwezo wa kutapika kama mbwa au mtu. Ukimgeuza kichwa chini, maji ya gole yanarudi mdomoni na kuingia kwenye mapafu.

La tatu: tundu la pumzi liko palepale nyuma ya ulimi, wazi. Chochote unachomimina kwa wingi mdomoni kinaweza kuingia humo.

Viwe karibu kabla ya siku yenyewe

- Tenga au boksi la katoni lenye matundu ya hewa, na magazeti ya kutandika chini
- Bomba la sindano lisilo na sindano, la mililita 5 au 10
- Glovu, au hata mifuko miwili safi ya kuvaa mikononi
- Tochi na kibanio cha kung'olea nywele
- Vidonge vya mkaa wa dawa kutoka duka la dawa (mkaa wa jikoni hauwezi kazi hiyo)
- Pakiti mbili tatu za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, ule wa anayeharisha)
- Namba ya simu ya afisa mifugo wa kata yako, na ya pili ya daktari wa mifugo, kwa sababu ya kwanza huwa haipatikani siku unayoihitaji

Atropini na vitamini K1 havimo kwenye orodha kwa makusudi. Hizo ni dawa za daktari.

Hatua ya 1: Waondoe kuku wengine pale

Kabla hujamshika mgonjwa, wafungie walio wazima bandani au wahamishie upande mwingine. Kama ni sumu, kila dakika unayomhangaikia mmoja, kumi wengine wanaendelea kudonoa. Mwaga chakula kilichobaki kwenye vyombo, badilisha maji. Ukiona dawa imemwagika, usifagie kavukavu ukaivuta puani. Lowesha kidogo, kusanya kwa koleo, weka kwenye mfuko na uufunge. Watoto wakae mbali.

Hatua ya 2: Mtenge mgonjwa

Mweke kwenye tenga, mahali penye kivuli na utulivu, juu ya gazeti. Gazeti si la usafi tu: unataka kuona kinyesi chake kila kinapotoka. Chakula asipewe kwanza. Maji masafi awekewe, isipokuwa kwenye ile sumu moja nitakayoitaja hapo chini.

Kama manyoya yake yana dawa ya kunyunyizia, vaa glovu, muoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida, umkaushe vizuri. Kuku aliyelowa akiachwa kwenye upepo anakufa kwa baridi huku wewe ukisema ni sumu.

Hatua ya 3: Tafuta alichomeza, na saa aliyokimeza

Hii ndiyo hatua watu wanayoiruka, nayo ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Zunguka uwanja mzima ukiangalia chini. Maswali ya kujiuliza:

Kuna fundi aliyekuja karibuni? Waliopaua huacha misumari ya bati. Waliosuka nondo huacha vipande vya waya laini wa kufungia. Aliyejenga banda lako mwenyewe huenda ameacha ncha za wavu alizokata, na hizo zimepakwa zinki, ambayo ikikaa tumboni ni sumu pia.

Kuna saluni au fundi cherehani jirani? Nyuzi za rasta na nyuzi za kushonea, wakati mwingine zikiwa na sindano, ni balaa kwa kuku. Pwani na kandokando ya maziwa, ongeza ndoana na mshipi.

Kuna aliyetega panya? Aliyehifadhi mahindi kwa dawa ya unga? Aliyepanda mbegu zenye rangi nyekundu au ya kijani? Rangi ile imewekwa ili ujue mbegu imetiwa dawa, lakini kuku hajui kusoma ishara hiyo. Kuna aliyemwaga dagaa wa chumvi au maji ya kuoshea samaki wa chumvi? Kuna betri kuukuu ya gari iliyopasuliwa? Kuna mzoga wenye funza?

Uliza watoto. Wao huona kuku wanakula nini. Usiwaulize kwa ukali, maana hawatakwambia.

Ukipata pakiti ya dawa, usiitupe. Piga picha pande zote mbili, umtumie daktari. Jina la kiambato lililoandikwa kwa herufi ndogo ndilo litakalomwambia atumie dawa gani.

Hatua ya 4: Mkague, bila kumsumbua

Mshike dhidi ya kifua chako, mabawa yamebanwa. Usimlaze chali.

Fungua mdomo, mulika kwa tochi. Angalia chini ya ulimi kama kuna uzi umejizungusha. Kitu kikionekana na kinashikika kirahisi, kitoe kwa kibanio. Kikiwa ndani zaidi, usichokonoe.

Papasa gole. Liko tupu, laini lenye chembe za chakula, gumu kama limejaa udongo, au linabonyea na kutoa harufu ya uchachu?

Sikiliza pumzi. Kuku anayenyoosha shingo na kupanua mdomo mara moja moja anaweza kuwa anapanga chakula goleni tu. Anayefanya hivyo mfululizo, upanga wa kichwani ukageuka kuwa wa zambarau, amekabwa au ana sumu, na hapo huna muda wa kusubiri kesho.

Hatua ya 5: Amua uko kwenye kundi gani

*Vitu vigumu visivyo na ncha:* kokoto, shanga, kifungo, mbegu ya tunda, kipande kidogo cha kioo. Subiri. Mpe kokoto ndogo na chakula cha kawaida, umwangalie kwa siku chache. Akila, akichakura na kunya vizuri, mrudishe kwa wenzake. Huna la kufanya zaidi, na hilo ni jibu zuri.

*Ncha, chuma, betri, uzi:* nenda Hatua ya 6.

*Sumu:* nenda Hatua ya 7, sasa hivi.

*Gole limeziba kwa nyasi ndefu, nailoni au pumba kavu:* Hatua ya 8.

Hatua ya 6: Msumari, waya, sindano, ndoana, betri ya saa

Usimpe mafuta. Mafuta hayateremshi msumari. Yanamharisha tu na kumwongezea hatari ya kupaliwa. Usimminye gole ili kusukuma kitu chenye ncha.

Kama kitu bado kiko goleni na unakihisi kwa vidole, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo. Kupasua gole ni operesheni ndogo kwa anayeijua. Najua kuna wanaofanya hivyo nyumbani kwa wembe na uzi wa cherehani. Usiige. Gole na ngozi vinashonwa kila kimoja peke yake, kwa nyuzi za kufaa, kuku akiwa amepewa dawa ya maumivu. Ukishona vyote pamoja, vinaweza kugandana, jeraha likavuja.

Betri ndogo za saa au rimoti zinaunguza utando wa koo na gole ndani ya masaa machache. Usizihesabu pamoja na kokoto.

Uzi unaoning'inia mdomoni au kwenye njia ya haja usiuvute. Upande wa pili unaweza kuwa umenasa kwenye firigisi, na ukivuta unakata utumbo kama waya unavyokata sabuni. Kama ni mshipi wenye ndoana, kata uache kiasi cha shibiri moja nje ili daktari apate pa kushika, funga mwisho wake kwa plasta shingoni asije akaumeza, na umpeleke.

Kama kitu kilishashuka na kuku anaonekana mzima, wengi hukaa nacho firigisini bila shida. Wachache kinawatoboa. Dalili za kutoboka ni kukunyata, kuacha kula, kusimama wima kama bata mzinga aliyechoka na kukonda kwa kasi. Kwa kuku wa mayai wa kawaida, wakati huo wengi huamua kuchinja, na siwalaumu. Nyama ya kuku aliyemeza msumari inaliwa, mradi tumbo halijajaa usaha na hana homa. Msumari wa chuma kitupu si sumu. Madini ya risasi na zinki ni jambo lingine.

Risasi hutoka kwenye vipande vya betri ya gari, vizito vya nyavu za uvuvi na rangi za zamani zinazobanduka ukutani. Kuku hukonda polepole, mabawa yanalegea, kinyesi kinakuwa cha kijani. Mkaa wa dawa haushiki chuma, kwa hiyo usipoteze muda nao. Mayai ya kuku wa namna hiyo yana risasi pia, hata kama anaonekana anataga vizuri. Usile, na zaidi ya wote usiwape watoto.

Hatua ya 7: Sumu

Kuku akiwa amelegea kabisa, anatetemeka au ana degedege, usimpe chochote mdomoni. Piga simu, mkimbize.

Kama bado anasimama na kumeza vizuri, na sumu imeliwa ndani ya saa moja au mbili, mkaa wa dawa unaweza kusaidia. Kiasi ni gramu 1 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito. Kuku wa kienyeji wa kilo moja na nusu anahitaji kama gramu 2, yaani vidonge 8 vya miligramu 250. Ponda, changanya na maji kidogo, vuta kwa bomba. Dondoshea pembeni mwa mdomo, tone kwa tone, umngoje ameze kila mara. Ukisikia anakoroma, acha.

Sasa tofautisha sumu yenyewe:

*Dawa za wadudu, za shambani au za kuhifadhi nafaka.* Nyingi hufanya kazi haraka: mate yanatiririka, machozi, kuhara maji, kutetemeka, kushindwa kupumua. Atropini ndiyo inayotibu zile za jamii ya ogano-fosfeti na kabamati, na lazima itolewe na daktari, kwa kipimo. Maziwa hayafanyi lolote hapa.

*Sumu ya panya ya unga mweusi.* Mara nyingi ni zinki fosfaidi. Ikikutana na unyevu na tindikali ya tumbo inatoa gesi yenye sumu, inayonuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza. Hii ndiyo niliyosema: usimpe chakula wala kumlazimisha maji, na mkaa mwachie daktari. Mtoe kuku nje penye hewa, usimshike kwenye chumba kilichofungwa, usimnuse mdomo. Haina dawa maalumu ya kuiua. Wengi hufa ndani ya masaa. Afadhali ulijue hilo mapema kuliko kutumia pesa za chanjo ya kundi zima kumtibu mmoja.

*Sumu ya panya ya punje au vipande vya rangi.* Kawaida ni ile ya kuzuia damu kuganda. Huyu atakudanganya: leo mzima, kesho mzima, siku ya tatu au ya tano upanga umekuwa mweupe na damu inatoka puani au kwenye kinyesi. Usisubiri dalili. Dawa ni vitamini K1. Vitamini K iliyomo kwenye michanganyiko ya vitamini za kuku ni K3, nayo haitibu sumu hii, hata muuza duka akikuapia.

*Chumvi nyingi.* Kiu kali, kuhara maji, kuyumba. Maji masafi, kidogo kidogo, mara kwa mara. ORS usimpe, ina chumvi.

*Funza wa mzoga na vyakula vilivyooza.* Miguu inalegea kwanza, kisha mabawa, mwisho shingo inalala chini. Ondoa mzoga leo, uuchimbie. Kwa waliokula lakini bado wako imara, molasi nusu lita kwenye maji lita 20, kwa masaa manne tu, itawasafisha tumbo. Baada ya hapo maji matupu. Wanaoharisha tayari usiwape.

Hatua ya 8: Gole lililoziba

Usiku mlaze bila chakula, awe na maji. Alfajiri, kabla hajala, papasa. Gole la kuku mzima huwa tupu au karibu tupu wakati huo. Likiwa bado gumu, limeziba.

Mpe maji ya uvuguvugu mililita chache kwa bomba, tone kwa tone. Subiri yateremke. Kisha sugua gole kwa vidole, polepole, kwa mizunguko, kama dakika tano. Pumzika. Rudia mara tatu au nne kwa siku. Unataka lile donge livunjike ndani, si kulipandisha mdomoni. Matone machache ya mafuta ya kula yakichanganywa na maji hayo si vibaya hapa, na ni hapa tu.

Likilainika, mpe uji mwepesi au mash (chakula cha kuku cha unga) iliyoloweshwa kwa siku mbili. Siku mbili zikipita na halijalainika, huenda ndani kuna nailoni au uzi, na dawa yake ni kupasuliwa na daktari. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 2019 na Kenya iliitangulia mwaka 2017, lakini vile vifuko laini vya kufungia karanga na sukari bado vinazagaa, na kuku anavipenda kwa sababu ya masalia ya chumvi na mafuta.

Hatua ya 9: Nyama, mayai na mzoga

Tuna tabia ya kumuwahi kuku kwa kisu akiwa anakata roho. Kwa aliyekula sumu, usimchinje kwa ajili ya kula. Kuchemsha sana hakuondoi sumu hizi. Usimtupie mbwa wala paka. Chimbia shimo refu, mbali na kisima, wanyama wasifukue.

Aliyepona, mayai yake tupa mpaka daktari akwambie sasa basi.

Ukikwama

*Wamekufa watano kwa usiku mmoja. Ni sumu au kideri (mdondo)?* Sumu huwapiga ghafla waliokula pamoja, na mara nyingi wale wenye nguvu ndio wa kwanza, kwa sababu ndio waliowahi chakula. Kideri kinasambaa siku hadi siku, na utaona shingo kupinda, kinyesi cha kijani, pumzi ya kukoroma. Ukiwa na shaka, pelekeni mzoga mmoja maabara ukiwa kwenye barafu, usiugandishe. Tanzania kuna TVLA, wakala wa maabara za mifugo wa serikali, makao yake Temeke na vituo vya kanda. Morogoro kuna SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Kenya kuna maabara kuu ya mifugo Kabete.

*Gole limejaa maji na linanuka uchachu.* Hilo limechacha, halijaziba tu. Usilisugue. Anahitaji dawa ya fangasi kutoka kwa daktari.

*Amekula maganda ya parachichi au maharage mabichi.* Mzuie chakula hicho, maji mengi, mwangalie siku mbili. Akianza kuhema kwa shida, daktari.

*Kinyesi kina damu lakini hakuna sumu iliyopatikana.* Kwa vifaranga na mitetea wachanga, fikiria koksidia (ugonjwa wa vimelea vya utumbo) kwanza. Ute wa kahawia unaotoka mara chache kwa siku, mzito na wenye harufu kali, si damu; ni kinyesi cha kawaida.

*Daktari hapatikani na kuku bado anameza.* Mtulize, mpe joto, ORS iliyochanganywa kama ya mtu (pakiti moja lita moja) kama si chumvi wala unga mweusi, na uendelee kupiga simu. Wauzaji wa pembejeo wengi wana namba za madaktari binafsi wa eneo. Omba namba, si dawa.